Nafasi Chini ya Bango

Wewe uliliona lile bango. Usiseme hukuliona. Ulipita langoni mwa shule ile ukienda sokoni, ukienda kazini, ukirudi kanisani au msikitini, na kila mara macho yako yalipanda juu yakasoma: HAKUNA ALIYEFELI KEMIA. Ukatikisa kichwa kwa kuridhika. Ukasema hii ndiyo shule. Hukujiuliza ni nani waliofanya mtihani huo na ni nani walioachwa nje ya mlango. Na wewe mwanafunzi, uliyekaa dawati la mbele siku jirani yako alipotolewa darasani na kiti chake kichwani, uliinamisha uso ukashukuru kimoyomoyo kwamba hawakukuita wewe. Unakumbuka. Hata kama umesahau, kuna wanaokumbuka kwa niaba yako.

Basi kaa usikilize habari za Msumari.

Hilo halikuwa jina lake la cheti. Darasani walimwita hivyo kwa sababu akishaingiza swali, hulitoi bila koleo. Alikuwa msichana wa kidato cha pili, mwembamba, mwenye vidole vilivyokuwa na rangi kwenye kucha mwaka mzima. Baba yake alikuwa mchora mabango. Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, Msumari aliosha brashi za baba kwa mafuta ya taa, akazinyoosha nywele kwa kidole gumba, akazisimamisha kwenye kopo zikitazama juu. Halafu alikunywa chai haraka na kwenda shule akinukia karakana.

Rafiki yake wa dawati moja, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, alimtania kila siku. Alimwomba akae mbali na jiko la maabara, asije akalipuka wakakosa wote kipindi.

Siku yenyewe ilianza hivyohivyo, ila jioni ilikuwa nyingine. Msumari aliporudi alimkuta dada yake mkubwa ameketi kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa, katikati ya karakana, na blauzi yake nyeupe aliyoipiga pasi kwa ajili ya safari. Baba alikuwa amesimama na brashi mkononi, rangi ikimdondokea kwenye kiatu, naye haoni.

Dada alikuwa amemaliza sekondari ya juu kwa alama ambazo mtaa mzima ulizisikia. Tangu utotoni alitaka kuwa mfamasia. Walipokuwa wadogo aliwapanga wenzake foleni, akawagawia kokoto zilizofungwa kwenye karatasi, akiwaonya wasinywe kabla ya kula. Siku hiyo alikuwa ametoka chuo kikuu, dirisha la udahili, na alisimulia kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba.

Karani wa pale dirishani alizitazama alama zake akatabasamu. Akaziangalia tena, akaacha kutabasamu. Akamuuliza Kemia iko wapi. Dada akajibu kwamba hakusoma Kemia, alisoma Biolojia, Jiografia na Hesabu, na kwamba shuleni aliambiwa Biolojia inatosha kwa mambo yote ya dawa.

"Nani alikwambia hivyo, mwanangu?" karani alimuuliza. "Famasia bila Kemia ni sawa na kujenga ghorofa bila sementi."

Karani hakuwa mtu mbaya. Alimweleza kwamba chuo hakitazami wingi wa alama peke yake. Kila kozi ina masomo yake ya lazima, na kila somo la lazima lina kiwango chake. Ukikosa moja, hata yale mengine yawe yanameremeta, mlango haufunguki. Akamwonyesha njia zilizobaki. Angeweza kurudia somo hilo peke yake, kama mtahiniwa wa kujitegemea, kisha aombe tena. Angeweza kuanzia chini, cheti cha ufundi dawa, kisha diploma, kisha apande hadi shahada. Ni njia ndefu lakini halali, na wapo wafamasia wengi waliopita huko. Au mwaka mmoja wa kozi ya msingi, kwa vyuo vinavyoitoa. Lakini zote tatu, akasema, mlangoni kwake kuna swali lilelile: Kemia umefaulu?

Msumari alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali ambalo wote watatu walikuwa na jibu lake. Nani alimtoa dada Kemia?

Shule nzima ilimjua kwa jina la Mchujo. Alikuwa mwalimu wa taaluma, mwalimu wa Kemia mwenyewe, mtu nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni. Mwisho wa kila kidato cha pili alifanya alichokiita kuchuja. Alisimama mbele ya darasa na kutaja wale ambao alama zao za Kemia hazikumpendeza. Aliyetajwa hakuulizwa neno. Alifunga mkoba, akabeba kiti chake mwenyewe, akatoka nacho hadi chumba cha pembeni karibu na stoo, ambako Kemia haikufundishwa tena. Wanafunzi walikiita chumba cha kapi, yaani mabaki baada ya nafaka kupepetwa. Miguu ya viti ilipokuwa ikigonga mlango wakati wa kutoka, waliobaki walitazama chini.

Dada alibeba kiti chake mwaka aliotoka kuumwa. Alikuwa amefanya mtihani mmoja na homa bado iko mifupani. Alimwendea Mchujo akamwambia anataka kuwa mfamasia. Mchujo akamwambia asiwe na wasiwasi, Biolojia inatosha. Ndivyo alivyosema, na alikuwa anajua kwamba si kweli, kwa sababu mwalimu wa Kemia asipojua hilo atajua nini? Mtoto wa miaka kumi na mitano akamwamini mtu mzima, akabeba kiti.

Na mwaka huohuo, jamani, baba yake alipanda ngazi langoni akaandika HAKUNA ALIYEFELI KEMIA kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi. Aliona fahari. Alirudi nyumbani akisema shule ya wanangu inang'ara.

Kesho yake dada alikwenda shuleni. Hakwenda kulaumu. Alikwenda kuomba. Kurudia Kemia kunahitaji kufanya vitendo, na vitendo vinahitaji maabara, na maabara ilikuwa pale. Aliomba aruhusiwe kuitumia jioni, wanafunzi wakishaondoka. Msumari alikuwa amesimama nje ya mlango wa ofisi na alisikia jibu lote.

"Binti, umeshafika mbali kuliko nilivyotarajia," alisema Mchujo. "Ukijisajili hapa halafu ukafeli, utanichafulia bango. Katafute kozi nyingine. Dunia ina kazi nyingi."

Dada aliaga kwa adabu. Alitoka akampita mdogo wake bila kumwona.

Usimwambie mtoto kama Msumari kwamba asikasirike. Alikasirika, na hasira yake ilikuwa na akili. Hakulia. Alikaa kwenye kipindi cha Kemia cha siku hiyo akimtazama Mchujo akiandika ubaoni, na kila neno lililoandikwa alilinakili vizuri, huku moyoni akimpangia. Redio alimnong'oneza kwamba ana uso wa mtu anayepima kaburi. Msumari akamwambia anyamaze. Kisha akakumbuka kwamba Redio naye alama zake za Kemia zilikuwa zinayumba, na kuchuja kulikuwa kunakuja mara tu baada ya siku ya wazazi. Akamtazama rafiki yake, akatazama kiti alichokalia, na hasira ikapata mizizi.

Bahati ikamletea silaha nyumbani. Kila mwaka kabla ya siku ya wazazi, bango lilishushwa langoni likaletwa karakana kwa mkokoteni, likakwanguliwa na kupakwa upya. Lilikuwa bati pana, refu kuliko mtu. Safari hii Mchujo aliagiza maneno yaleyale, ila makubwa zaidi, kwa sababu mgeni rasmi angekuja.

Mtoto wa mchora mabango anajua jambo ambalo mwalimu wa Kemia mwenyewe huenda asilikumbuke: rangi haishiki juu ya nta. Baba alipokwenda kununua msasa, Msumari alichukua mshumaa akasugua bati mahali ambapo neno la kwanza lingeandikwa. Alisugua kwa bidii, kwa mkono wote. Alikuwa amepiga hesabu yake. Rangi ingekaa siku mbili tatu, ikipendeza. Halafu jua lingeipiga mbele ya umati, HAKUNA ingevimba, ingebanduka na kudondoka vipande vipande kama ngozi ya nyoka. Yangebaki maneno mawili tu: ALIYEFELI KEMIA. Na chini yake angekuwa amesimama Mchujo na kalamu zake tatu.

Alifikiria jambo hilo akacheka peke yake. Kicheko hicho hakikuwa cha mtoto.

Lakini baba hakuwahi kupaka rangi kabla ya kupitisha kiganja. Alirudi, akaweka msasa chini, akapitisha kiganja juu ya bati kuanzia kushoto kama mtu anayempapasa ng'ombe. Mkono ukasimama. Akarudia. Akanusa vidole.

Hakupaza sauti. Alimwita Msumari akamuuliza nta ile imetoka wapi. Msumari hakuficha, alisimama wima akaeleza mpango wake wote, hata sehemu ya ngozi ya nyoka. Alisema anataka Mchujo achekwe na watu wote, kama dada alivyoaibishwa siku aliyobeba kiti. Alisema angefanya tena.

Baba alisugua vidole kwenye suruali.

"Rangi ikibanduka watamcheka nani?" akauliza hatimaye. "Wataniita mimi fundi wa rangi ya kubanduka. Yeye atasimama pale akinisikitikia. Umemlenga yeye, mama, umenipiga mimi."

Hilo Msumari hakulipigia hesabu.

"Sijasema usilipize," baba akaendelea. "Hata mimi nina langu naye. Mkono huu ndio ulioandika uongo wake, na mwanangu akiwa chini yake na kiti kichwani. Lakini tutalipiza mchana, kila mtu amekaa anaona, na sisi tumesimama palepale. Chukua mafuta ya taa. Futa."

Alifuta nta yote, akapiga msasa mpaka bati likang'aa. Baba akapaka rangi ya msingi, akaacha ikauke, akapaka nyeupe. Kisha wakafanya kama wanavyofanya siku zote: baba akashika ncha moja ya uzi uliopakwa chaki, Msumari akashika nyingine, wakauvuta, baba akaunyanyua kwa vidole viwili na kuuachia. Mstari ulionyooka ukabaki kwenye bati. Wakapiga mistari miwili kwa ajili ya maneno yaliyoagizwa. Msumari akataka kukunja uzi. Baba akamwambia bado. Wakapiga mistari mingine miwili, chini kabisa, na ndani yake baba hakuandika kitu.

Siku ya wazazi bango lilisimamishwa juu ya nguzo ndefu mbele ya mkutano likiwa limefunikwa kwa shuka. Uwanja ulijaa. Kando ya mgeni rasmi alikaa mkuu wa shule, mzee mpole aliyekuwa amemwachia Mchujo mambo yote kwa sababu Mchujo alimletea sifa. Mchujo alizungumza kwa ufasaha. Alivuta shuka. Herufi zilikuwa nzuri kuliko za mwaka wowote, na watu wakapiga makofi. Wa mbele wakaona pia ile nafasi tupu chini, kati ya mistari ya chaki, wakaanza kuonyeshana vidole.

Mchujo akamwita fundi kwa sauti ya utani, akauliza mbele ya watu kama rangi ilimwishia. Watu wakacheka. Baba akasimama. Alikuwa amekuja na kopo dogo na brashi, na Msumari alikuwa kando yake amebeba ngazi.

"Rangi ipo, mwalimu," alisema baba. "Nimeacha nafasi kwa sababu sijakamilisha. Naomba unisaidie nimalizie hapahapa. Walioingia kwenye mtihani wa Kemia mwaka huu ni wangapi, na mliowatoa hadi leo ni wangapi?"

Mchujo alisema hayo ni mambo ya ndani ya taaluma, yasiyomhusu mchoraji. Baba akakubali kwa heshima kwamba huenda hayamhusu mchoraji. Akageuka akawatazama wazazi. Akawaomba wale ambao watoto wao walitolewa Kemia bila mzazi kuulizwa, wasimame. Hakuna aliyesimama. Watu walitazama viatu vyao. Hivyo ndivyo mlivyozoea, sivyo? Kutazama viatu.

Dada ndiye aliyesimama kwanza, katikati ya safu ya nyuma, na blauzi ileile nyeupe.

"Mimi nilitolewa," akasema. "Niliambiwa Biolojia inatosha. Chuo kimenirudisha."

Mama yake Redio akasimama, akasema mwanawe mkubwa naye alibeba kiti, na leo anataka uhandisi lakini kila chuo kinamuuliza Kemia. Mzee mmoja fundi saa akasimama. Kisha mwingine. Kisha safu nzima ya akina mama wa upande wa kushoto, wakinyanyuka mmoja baada ya mwingine, na viti vyao vikigongana. Wanafunzi waliijua sauti ile. Safari hii hakuna aliyetazama chini. Mchujo alitoa kalamu mfukoni, akairudisha, akaitoa tena.

Msumari alikuwa akiwahesabu. Alisema kwa sauti, ili baba, aliyekwisha kupanda ngazi, asikie: thelathini na saba.

Mkuu wa shule akamuuliza Mchujo waliofanya mtihani walikuwa wangapi. Mchujo akaanza kueleza habari za taaluma. Mkuu akauliza mara ya pili, na safari hii hakuwa mzee mpole. Kumi na mmoja, Mchujo akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Basi baba akachovya brashi. Umati mzima ulimngoja, herufi kwa herufi, wakati akiandika kati ya ile mistari ya chaki: WALIOFANYA MWAKA HUU 11. WALIOTOLEWA HADI LEO 37. Aliandika kwa rangi nyekundu yenye kivuli cheusi, kama yale maneno ya juu, na hakuharakisha. Msumari alimtazama Mchujo muda wote huo. Alitaka kuuona uso wake, akauona, na ulimtosha kabisa.

Mkuu alitoa uamuzi palepale, kwa kuwa watu waliosimama walikataa kukaa. Kuchuja kukakoma. Hakuna mwanafunzi ambaye angetolewa somo bila mzazi wake kuitwa na kuelezwa, kwa mdomo na bila haraka, ni kozi zipi za chuo zingemfungia mlango. Kila kidato cha pili, kabla ya kuchagua masomo, wangesomewa vyuo vinadai nini. Na maabara ingefunguliwa kila jioni kwa wote walionyimwa Kemia. Mzee fundi saa akauliza nani atawafundisha hao. Mkuu akamgeukia Mchujo.

Kwa hiyo mwaka mzima yule aliyesema dada angemchafulia bango alimfungulia maabara kwa ufunguo wake mwenyewe, akamwashia jiko, akamsahihishia kazi. Dada hakumtukana hata siku moja. Alimuuliza maswali. Alimuuliza mpaka giza likaingia, akamwita mwalimu kwa heshima zote, akamuuliza tena. Redio, aliyekuwa akibaki jioni hizo kujisomea zaidi, alisema hajawahi kuona mtu akiadhibiwa kwa adabu kiasi kile.

Dada akafaulu Kemia. Alama yake haikuwa ya kutikisa mtaa, lakini ilivuka kiwango cha famasia. Alirudi dirishani kwa karani yuleyule, na safari hii karani hakuacha kutabasamu. Wenzake wawili wa maabara ya jioni, waliovuka kwa alama ndogo, walianza na cheti cha ufundi dawa, wapande kutoka huko. Redio alibaki darasani na kiti chake. Mwaka uliofuata bango likasema waliofanya ni wangapi na waliofaulu ni wangapi, na namba hizo mbili hazikulingana. Likawa halipendezi sana. Lakini lilikuwa la kweli.

Siku baba alipokuwa akilipaka, Msumari alimuuliza kama bado ana hasira na Mchujo. Baba alisema anayo na ataendelea kuwa nayo. Akakaza uzi wa chaki, akauachia, akaupuliza mstari.

"Mtu aliyekunyima kujua amekuibia, na mwizi hasamehewi akiwa bado anaiba," akamwambia. "Lakini nta ingeniumiza mimi peke yangu. Kilichomwangusha ni swali lililoulizwa wazi, na watu kusimama. Uliza mapema, mama. Ukiuliza kidato cha pili, unachagua. Ukiuliza dirishani pa chuo, unalia."

Sasa wewe. Ndiyo, wewe uliyekuwa ukitazama viatu. Unataka kuwa nani? Kozi hiyo inadai masomo gani, na kwa kiwango gani? Ukikosa njia ya moja kwa moja, utapitia cheti, diploma, kozi ya msingi au kurudia somo? Kama huwezi kujibu, kuna mtu anakuamulia sasa hivi, wakati unasoma. Weka kitabu chini. Inuka, nenda kwa mwalimu wa taaluma wa shule yako, umuulize leo, kwa adabu, na mlango ukiwa wazi ili wengine wasikie. Na jirani yako akiitwa abebe kiti chake, usiinamishe uso. Simama naye. Simama.